Kweme Dume Juu ya Mringaringa

1.

Kila kilichovuka mpaka kikatwe.

Maneno manne, kwa kalamu ya bluu, na chini yake muhuri wa kijiji uliogongwa ukapinda kidogo. Ukiyasoma haraka utadhani yanahusu mimea tu. Mama Elisante aliyasoma mara sita, akaikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia, kisha akaitoa tena kwa sababu aliona hapo si mahali pake.


2. WALIOMO

AIKANDE. Ndiye huyo Mama Elisante. Mjane, miaka sitini na mitatu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hadi leo akimuuliza mtu mzima swali humtazama kama amemwita mbele ya ubao.

APAIKUNDA. Jirani yake wa upande wa chini. Waliolewa mwaka mmoja, kwenye vihamba viwili vinavyogusana. Kihamba, kwa asiyejua, ni shamba la nyumbani huku mlimani: migomba, kahawa, nyumba, na makaburi ya wenye nyumba, vyote mahali pamoja.

AMINIEL. Mume wa Aikande. Amelala chini ya mringaringa mwezi wa kumi na nne sasa, kama alivyoomba.

MRINGARINGA. Mti. Aminiel aliupanda mwenyewe wiki ambayo mtoto wao alibatizwa. Uko upande wa Aikande, hatua nne kutoka mpakani.

KWEME. Mmea unaotambaa. Wa Apaikunda.

NDEONASIA. Mkamwana wa Apaikunda. Bado hajaingia. Ngoja.


3.

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Ardhi la Kijiji cha Lemaro.

YAH: KWEME KUVAMIA MTI WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mmea wa jirani yangu, aina ya kweme, umevuka mpaka na kupanda mringaringa wangu hadi kileleni. Matawi mawili yamekwishavunjika kwa uzito. La tatu limeinama juu ya kaburi la marehemu mume wangu. Mti usipopata mwanga utakufa, na ukifa utaliangukia kaburi. Naomba baraza liokoe mti huu.

Nimejaribu kuongea na jirani yangu bila mafanikio.

Wako katika ujenzi wa kijiji,
Mwl. Aikande (mstaafu)

    (Mstari ule kabla ya sahihi ni uongo. Hakujaribu. Mwalimu aliyewachapa watoto wa kijiji kizima kwa kudanganya aliandika uongo mmoja, akauwekea nukta mahali pake, akaupeleka ofisini kwa miguu yake.)


4. KWA MSOMAJI ASIYEIJUA KWEME

Ikiwa umekulia mbali na mlima huenda hujawahi kuiona. Inapanda mti kama imetumwa. Tunda lake ni kubwa, lina mbavu, na mtu mmoja hulibeba kwa mikono miwili. Ndani mna mbegu bapa, pana kuliko kidole gumba, zenye ganda la nyuzi. Zinamenywa, zinatwangwa, zinapikwa kwenye mtori wa ndizi wa mwanamke aliyetoka kujifungua, na maziwa yanashuka. Hiyo ndiyo kazi ya kweme. Sokoni zinauzwa, lakini hakuna mwanamke wa Lemaro atakayempikia mzazi wa nyumbani mwake kweme ya mkono asioujua.

Sasa sikiliza jambo la pili. Hili wanaume wengi wa Lemaro hawalijui, kwa sababu kweme ni habari ya uzazi, na habari ya uzazi haizungumzwi mbele yao. Kweme ni mimea miwili. Kuna jike na kuna dume. Jike huzaa. Dume hutoa maua tu, vishada kwa vishada, hujaza mti mzima majani na halitoi tunda hata siku moja. Lakini pasipokuwa na dume karibu, ua la jike hunyauka na kudondoka.

Jike la Apaikunda liko kwake, juu ya mparachichi. Lililovuka mpaka ni

dume.


5. MASHINE YA KUSAGA, JUMAMOSI

— Mama Elisante amempeleka mwenzake barazani.

— Kisa?

— Kweme.

— Wale? Wale waliokuwa wanapeana chumvi mpakani bila kuzunguka barabarani?

— Hao hao.

— Basi si kweme. Kweme ni mahali pa kushikia tu.

— Sogeza debe lako, dada, zamu yangu.


6.

Siku ya kumzika Aminiel, Jumamosi, wanawake wa mtaa walianza kufika kabla jua halijachomoza, kila mmoja na mkungu wake wa ndizi. Aikande alikaa kwenye mkeka sebuleni, na kila kivuli kilipokatiza mlangoni aliinua macho. Alikuja mwalimu mkuu wa zamani. Walikuja wanakwaya na sare zao. Alikuja hata yule muuza mbolea ambaye Aminiel alikuwa hasemi naye kwa miaka minane, akalia kuliko wote.

Apaikunda hakuja.

Huku, wakati wa kufukia, jirani wa kike ndiye humshika mjane mkono wa kushoto. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Watu wanaijua tu. Mkono wa kushoto wa Aikande ulishikwa na binamu ya marehemu kutoka Arusha, mtu asiyemfahamu vizuri, mwenye pete zilizomuumiza vidole. Alitazama juu ya vichwa vya watu kuelekea upande wa chini. Mlango wa Apaikunda ulikuwa umefungwa, na jikoni kwake hapakuwa na moshi.

Alingoja siku tatu. Alingoja wiki. Akasema labda siku ya kuweka msalaba. Msalaba ukawekwa.

Tangu hapo hasira ya Aikande haikupiga kelele. Iliingia shingoni. Kila alipopita karibu na mpaka aligeuza uso upande wa juu, akaangalia migomba yake, na alifanya hivyo kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba masika yote ya mwaka ule hakuiona kweme ikivuka. Alikuja kuiona siku tawi la kwanza lilipovunjika na kuanguka karibu na msalaba. Aliumia, na nitasema ukweli, kuna sehemu yake ndogo iliyofurahi, maana sasa alikuwa na kitu cha kushitaki.


7.

MUHTASARI WA KIKAO CHA BARAZA

Waliohudhuria: wajumbe wanne (4), wote wanaume.
Wasiohudhuria kwa taarifa: wajumbe watatu (3), wote wanawake, wako msibani kwa mmoja wao.
Akidi: imetimia.

3/1. Mlalamikaji alieleza malalamiko yake kama yalivyo kwenye barua.

3/2. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama mmea uliovuka una matunda. Mlalamikaji alijibu kuwa hauna.

3/3. Mjumbe aliuliza kama umewahi kuwa nayo. Mlalamikaji alijibu kuwa haujawahi.

3/4. Mjumbe alishangaa mtu kutunza miaka yote mmea usiozaa. Wajumbe walicheka.

3/5. Mwenyekiti alimtaka mlalamikiwa ajitetee.

    Mlalamikiwa:




3/6. Mwenyekiti alirudia.

    Mlalamikiwa: Sina la kusema.

3/7. Baraza liliamua kama ilivyo kwenye amri.


8. AMBACHO KATIBU HAKUKIANDIKA

Mlalamikaji alipojibu "hauna", mlalamikiwa alimtazama.

Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake wakiwa wamekaa benchi moja na mwalimu amekosea ubaoni, kila mmoja akingoja mwingine anyooshe kidole. Sentensi moja ilitosha. Waheshimiwa, hilo ni dume, likikatwa na lile jingine halizai. Apaikunda hakuweza kuisema. Angeisema, angeulizwa kweme anaitakia nini mwaka huu, na angelazimika kutaja maziwa na mkamwana wake mbele ya wanaume wanne na kalamu ya katibu.

Aikande angeweza kuisema. Yeye alishazoea kuwafundisha wanaume hao hao. Wawili kati yao aliwafundisha kusoma.

Alipanga vizuri kanga yake mabegani.

Alinyamaza.


9. SIMU YA AIKANDE

Elisante (Mwanza): Shikamoo mama. Nimesikia tumeshinda

Elisante: Kata yote usibakize hata jani. Kisheria uko sawa kabisa

Elisante: Baba hawezi kulala chini ya msitu wa watu

Mama: Marahaba baba. Nimekusikia.

Elisante: Mbona kama huna furaha

Mama:

Mama: Umekula?

    (Elisante ana miaka arobaini na mabega ya baba yake. Alipozaliwa, maziwa ya mama yake yaligoma siku tisa. Apaikunda alikuwa na kichanga chake cha wiki tatu. Alipita kwenye mwanya wa mpakani asubuhi, mchana na jioni, akamnyonyesha Elisante ziwa la kulia na mwanawe la kushoto, na kila alipokuja alibeba mtori wa kweme wa kumpa Aikande. Siku ya kumi maziwa yalishuka. Elisante hajui. Hakuna mtu anayemwambia mwanamume mambo kama haya.)


10. UKAGUZI WA ENEO

Walikwenda Mwenyekiti, Katibu na mjumbe mmoja, wamevaa viatu vya mpira.

"Mpaka uko wapi?"

"Humo," Aikande alisema.

Mpaka wa huku hupandwa masale: mimea iliyosimama wima, majani marefu ya kijani, mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Haing'olewi. Watu hugombana juu ya kila kitu kwenye kihamba lakini isale hawaligusi. Mstari wa Aikande na Apaikunda ulionekana mwanzo wake karibu na barabara na mwisho wake karibu na mfereji. Katikati yote ilikuwa kweme. Hata ule mwanya wa kupitishia chumvi haukuonekana tena.

Mwenyekiti alipapasa kwa fimbo, fimbo ikazama. Hakuingia. Walifunga kamba ya katani kwenye isale la juu, wakaivuta mpaka kwenye isale la chini, ikapita juu ya majani.

"Mpaka ni huu," Mwenyekiti alisema.

Katibu aliandika: mpaka umethibitishwa.


11. NYUMA YA KANISA, BAADA YA IBADA

— Mkamwana wa Apaikunda ana mimba tena.

— Ndeonasia? Ya lini?

— Desemba. Hawataki isemwe.

— Mungu amsaidie safari hii.

Aikande alikuwa bombani akisuuza kikombe. Aliyasikia maneno mawili, "tena" na "safari hii", na yote mawili hayakumwingia vizuri, maana hakujua kama kuna mara ya kwanza. Hakuuliza. Kuuliza kungekuwa ni kutaka kujua habari za nyumba ile.

Lakini hesabu hakuweza kuizuia, mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Sasa ni Juni. Kweme imetoa maua sasa. Tunda huhitaji miezi mitano, sita. Desemba.

Alisuuza kikombe kile kile mara tatu.


12.

AMRI

Mlalamikiwa anaamriwa kuondoa mmea wake ndani ya siku saba. Asipofanya hivyo, Jumatano saa 3:00 asubuhi mgambo wawili watatekeleza.

Kila kilichovuka mpaka kikatwe.

    Siku ya kwanza: hakuna.
    Siku ya pili: hakuna.
    Siku ya tatu: Apaikunda alionekana amesimama chini ya mparachichi wake, ameinua kichwa, mikono kiunoni.
    Siku ya nne: mvua.
    Siku ya tano: tawi la tatu la mringaringa lilipasuka shingoni. Halikuanguka.
    Siku ya sita: hakuna.
    Siku ya saba: Aikande alinoa panga.


13.

Kwa nini yeye? Kwa sababu hakutaka mgambo wakanyage kaburi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ni ya kweli. Ya pili ni kwamba aliogopa kuwa wakija saa tatu, atawazuia.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu aliingia mpakani amevaa koti la Aminiel la mvua. Umande ulimlowesha mpaka magotini. Alitafuta shina kwa mkono, akifuata mtambaa kutoka mtini kurudi chini, akichana majani, mpaka akalipata pale linapopenya kati ya masale mawili. Lilikuwa na unene wa kifundo cha mkono wake. Juu, maua ya zambarau yenye nyuzi nyuzi pembeni yalikuwa yamefunguka kwa mamia, na nyuki walikuwa wameanza kazi.

Alisema, "Aminiel, nakufungulia mwanga."

Pigo.

        Pigo.

                Pi

Shina lilikatika. Maji yake yalimrukia kidoleni, ya baridi. Aliinua macho akitegemea kitu, na juu hakuna kilichotikisika. Majani yalikuwa hayajapata habari. Nyuki waliendelea. Aikande alijua kwamba mpaka saa sita au saa saba, jua likishakolea, kila jani litalegea na kila ua litajikunja, na kwamba kisiki kitachipua tena lakini maua yake yatakuwa ya mwaka mwingine.

Alikuwa ameshinda kesi. Aligeuka kuondoka, mguu ukateleza kwenye umande, akashika isale lililokuwa karibu ili asianguke, na mkono wake ukagusa

fundo.


14.

Isale lina kazi mbili. Ya kwanza nimekwambia, kulinda mpaka. Ya pili ni hii. Ukimkosea mtu kosa ambalo huwezi kulieleza kwa mdomo, unachuma jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea. Anayepelekewa hana njia ya kukataa. Aikande amewahi kusikia watu wakisameheana kwa isale damu, ng'ombe, hata mke. Hajawahi kusikia mtu aliyelikataa.

Aliondoa majani. Ulikuwa ni ule mwanya wao, unaotazama mlango wa jiko lake. Kwenye isale la upande wa kulia, usawa wa macho ya mtu anayetoka jikoni, palikuwa na jani kavu lenye fundo, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Mkono wa kweme ulikuwa umelizunguka mara tatu.

Chini yake palikuwa na jingine.

Chini ya hilo, la tatu, limeoza nusu, fundo peke yake ndilo lililobaki zima.

Fanya na wewe hesabu, kama alivyoifanya yeye amesimama kwenye umande. Mtu alikuja hapa mwaka jana wakati wa masika. Alifunga la chini, akangoja. Hakujibiwa. Akarudi, akafunga la kati. Akangoja. Akarudi. Na kila asubuhi, mwenye jiko alitoka, akageuza uso upande wa juu, akaangalia migomba yake.

Aikande alikaa chini pale pale kwenye matope. Alilia kwa sauti, na hakujali nani anasikia.


15. NDEONASIA

Mimi ndiye mkamwana. Nitasema niliyoyaona tu, kwa sababu mengine si yangu.

Nilikuwa jikoni, nachochea moto. Nilimwona Mama Elisante akija kwa njia ya barabarani, amezunguka kote, koti limejaa matope. Mikononi alishika isale bichi lenye fundo, amelishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mama yako yupo?"

Mama mkwe alikuwa amekwishatoka, anajifuta mikono. Walisimama. Mwaka mzima nilikuwa sijawaona wametazamana.

"Nimelikata," Mama Elisante alisema. "Dume. Nimelikata sasa hivi. Halafu ndiyo nikayaona masale yako."

"Uliyaona mwaka jana."

"Sikuyaona."

"Nilifunga usawa wa jiko lako."

"Nilikuwa siangalii huko, Apaikunda. Nilikuwa nageuza uso."

Mama mkwe alimaliza kujifuta mikono. Kisha akasema, polepole, "Mimi nimekaa nikijua umeyakataa. Matatu. Nikasema, kama nimekataliwa isale, sina mdomo tena wa kusema chochote mbele yako. Hata barazani."

"Na mimi nimekaa nikijua hukuja."

Mama Elisante alimnyooshea lile isale. Mama mkwe hakulipokea. Alinitazama mimi, akatazama tumbo langu ambalo bado halisemi kitu, akatazama kule juu kwenye mringaringa.

"Maua yake yamenyauka?"

"Bado. Jua halijakolea."

"Maua ya maboga huwa tunayapaka kwa mkono," mama mkwe alisema, kama anajisemea. "Mvua ikizidi na nyuki wasitoke. Unachuma dume, unalisugua kwenye jike."

"Kweme umewahi?"

"Sijawahi. Sijui kama inakubali."

Nikaona wote wawili wanaangalia jua liko wapi.

"Hilo liweke hapo dirishani," mama mkwe alimwambia. "Ndeonasia, ngazi usiguse, naifuata mwenyewe. Wewe lete kikapu."


16.

TAARIFA YA UTEKELEZAJI

Tulifika eneo husika saa 3:10 asubuhi. Shina lilikuwa limekwishakatwa na mlalamikaji mwenyewe. Majani yalikuwa bado mabichi.

Mlalamikaji alikutwa juu ya ngazi, juu ya mparachichi, upande wa mlalamikiwa. Mlalamikiwa alikuwa ameishika ngazi. Mtu wa tatu (mwanamke kijana) alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikapu cha maua. Walipoulizwa wanafanya nini walijibu, kazi.

Tuliomba kuanza kuuteremsha mtambaa kwenye mringaringa kwa mujibu wa amri. Tuliambiwa tungoje mpaka maua yote ya karibu yachumwe. Tulipoomba sababu tuliambiwa si mambo yetu.

Tulingoja. Tuliletewa chai.

Kama Baraza lina maelekezo mengine kuhusu mmea kuvushwa mpaka kwa kikapu, tunaomba


17.

Maua ya jike yaliyokuwa yamefunguka asubuhi ile yalikuwa kumi na moja, yametawanyika, kila moja peke yake kwenye kikonyo chake. Aikande ndiye aliyepanda, kwa sababu goti la Apaikunda haliaminiki tena. Ndeonasia alimpa kishada baada ya kishada. Alichagua ua dume lenye unga mwingi, akalisugua taratibu ndani ya jike, akashuka kipandio kimoja, akahamia tawi jingine.

"Mara moja inatosha?" aliuliza.

"Sugua mara mbili."

Walifanya matano bila kusema zaidi ya hayo. Wale mgambo walikuwa wamekaa mbali kwenye kuni na vikombe vyao. Ua la sita lilikuwa ndani sana, na alipokuwa amezama kwenye majani, uso hauonekani, Apaikunda alisema kutoka chini.

"Alikaa siku nne."

Aikande hakuuliza nani. Lile neno "tena" la nyuma ya kanisa lilimrudia.

"Alizaliwa hajatimiza," Apaikunda aliendelea. "Kweme nilikuwa nayo tele. Nilipika, nikapeleka hospitali, maziwa yakashuka mpaka yanamwagika kwenye nguo. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Akaondoka Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi ile."

"Jumamosi ile. Tukamzika kule kule. Mwanangu akasema isizungumzwe, na ukishazika kichanga huingii msibani kwa mtu mwingine, unajua."

"Najua."

Ndeonasia alikuwa ameinamia kikapu. Vidole vyake vilikuwa vinayapanga maua, makubwa huku, madogo huku, kisha vinayachanganya tena.

Aikande alishusha mguu kutafuta kipandio. Ngazi ilitulia. Alifanya la saba, la nane, la tisa. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye viganja, na jua sasa lilikuwa limeugusa mringaringa. Kule kileleni majani ya kwanza yalikuwa yameanza kulegea.

"Muuguzi alimbatiza Jumatano, kwa maji ya kikombe," Apaikunda alisema. "Aliona hatafika. Akaniuliza jina, mama yake alikuwa bado hajaamka. Habari ya nyumbani kwako ilikuwa imetufikia usiku wake."

Mgambo mmoja alikohoa.

"Nikamwambia, aitwe Aminiel."

Aikande alisimama juu ya ngazi na kishada mkononi. Aliliona kaburi la mumewe kutoka hapo, kwa mara ya kwanza akilitazama akiwa upande huu, na doa la mwanga lililokuwa limeanza kuingia kando ya msalaba. Hakushuka.

Maua mawili yalikuwa bado. Alifuta macho kwa mkono wa koti, akaegemea mbele, na chini yake Apaikunda akaikaza ngazi kwa mikono yote miwili.